PLAGI NA KOILI ZA GARI LETU: MANENO YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA WANACHAMA

(Maneno haya yalisemwa ghalani siku ya mkutano. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Leo sitasema juu ya bei ya kahawa. Nitasema juu ya vitu vidogo vinavyokaa kiganjani, yaani plagi na koili za gari. Nikimaliza hapo, nina jambo moja la kusema juu yangu mimi mwenyewe.

Gari letu mnalijua, ile Probox nyeupe. Ndiyo inayopeleka sampuli za kahawa Mbinga, ndiyo inayoleta dawa za mibuni, na usiku ndiyo inayobeba mgonjwa. Mwezi wa Mei mafuta yakaanza kupotea. Safari ya mjini kwenda na kurudi ilikuwa inakula lita sita, ikawa lita nane. Kamati ikakaa. Tukauliza, mafuta yanaenda wapi? Tukajijibu wenyewe kwamba yanaenda kwa dereva. Tukamsimamisha kazi na tukamkata shilingi 90,000. Barua ile niliitia sahihi mimi.

Tukaweka dereva wa muda. Mafuta yakawa lita nane zile zile, na wiki ya tatu yakazidi. Halafu ukaja ule usiku wa mama mjamzito. Gari likafika mlimani likaanza kutetemeka, nguvu zikakata, watu wakashuka kusukuma. Yule mama alifika zahanati kwa bodaboda, ameshikiliwa na shangazi yake kwa nyuma. Tunashukuru yeye na mtoto ni wazima. Lakini jamani, tusijidanganye. Ile ilikuwa bahati.

Tulipeleka gari gereji moja mjini, tukaambiwa injini ishushwe yote. Tukaanza kuhesabu fedha za kushusha injini. Ndipo kijana mmoja wa bodaboda akasikiliza ule mlio, akasema, "Mzee Katibu, hii inamisi. Pikipiki yangu nayo ilikuwa hivi hivi. Tuangalie plagi kwanza." Tukaangalia. Sasa nisikilizeni niwaeleze tulichokiona, maana kila mtu hapa ni mwenye gari hili.

KAZI YA PLAGI NA KOILI

Ndani ya injini mna silinda nne. Katika kila silinda petroli na hewa vinachanganyika, vinabanwa na pistoni, kisha inahitajika cheche ya kuviwasha. Plagi ndiyo kiberiti. Lakini betri ina volti 12 tu, na volti 12 haziwezi kuruka mwanya wa plagi. Kwa hiyo ipo koili. Ndani yake mna nyaya zilizozungushwa mizunguko mingi sana, nazo zinapandisha umeme ule mpaka volti elfu ishirini na zaidi. Gari letu lina koili nne, kila plagi na koili yake juu.

Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche mara 1,000 kwa dakika hiyo hiyo. Hesabuni wenyewe kutoka hapa mpaka Mbinga ni cheche ngapi. Kila cheche inakula chuma kidogo pale kwenye ncha. Mwanya unapanuka. Mwanya ukipanuka, koili inalazimika kusukuma umeme mkubwa zaidi ili cheche iruke. Inapata joto, inachoka, mwisho inakufa. Kwanza inakataa mlimani, pale gari limepakia na injini ina moto. Kwenye tambarare inakubali. Ndiyo maana mtu anaweza kusema gari ni zima.

Silinda moja ikikosa cheche, tatu zinabeba kazi ya nne. Dereva anakanyaga mafuta zaidi. Petroli ya silinda ile inatoka mbichi kwenye ekzosi, na huko inaharibu ile sehemu yenye matundu kama sega la nyuki, ambayo bei yake ni kubwa kuliko plagi zote nne. Basi mafuta yetu hayakuibwa. Yalitoka kwa nyuma, na sisi tukiyaangalia.

JINSI YA KUMTAFUTA MGONJWA

Injini ikiwa na moto, zima gari. Chomoa kichwa cha waya cha koili moja. Washa, sikiliza sekunde chache tu, zima. Kama injini imetetemeka zaidi, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Rudisha waya, nenda ya pili. Ukichomoa na mlio usibadilike hata kidogo, huyo ndiye mgonjwa. Kwetu ilikuwa silinda ya tatu, ukihesabu kutoka upande wa mikanda.

Sasa utajuaje kama ni plagi au koili? Badilisha koili peke yake. Ya tatu weka kwenye ya pili, ya pili weka kwenye ya tatu. Rudia kusikiliza. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, basi koili imekufa. Ukibaki pale pale, angalia plagi. Wetu ulihama. Kazi hii haikutaka shilingi hata moja.

Onyo: usishike koili wakati injini inaunguruma, na usiitoe nje eti uone cheche inavyoruka. Umeme ule unarusha mtu, na petroli iko karibu.

JINSI YA KUBADILISHA

Vifaa ni hivi: boksi spana namba 10, spana ya plagi namba 16 yenye shingo ndefu, pampu ya baiskeli, na kipande cha mpira mwembamba urefu wa shubiri moja na nusu.

Kwanza, acha injini ipoe kabisa. Silinda hedi ni ya aluminiamu. Ukifungua plagi ikiwa na moto utaondoka na thredi zake, na hapo ndipo gharama itakapokuwa gharama. Toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri.

Pili, fanya silinda moja moja mpaka umalize. Usitoe zote kwa pamoja ukachanganya nyaya.

Tatu, bonyeza kile kifungio cha plastiki utoe kichwa cha waya. Usivute waya wenyewe. Plastiki ya zamani inavunjika kama ganda la karanga. Fungua bolti moja ya namba 10, zungusha koili kidogo kulia na kushoto, ivute juu.

Nne, kabla hujafungua plagi, puliza shimo kwa pampu ya baiskeli. Hapa kwetu kiangazi vumbi linajaa mle ndani. Ukifungua bila kupuliza, mchanga wote unaingia kwenye silinda na kukwaruza. Hapa wengi wanaharakisha.

Tano, fungua plagi, itoe, ipange mezani kwa namba yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nitasema kwa nini.

Sita, plagi mpya ichomeke kwenye ule mpira, iteremshe shimoni, izungushe kwa vidole. Ikigoma, usilazimishe. Irudishe nyuma uanze upya. Mpira utateleza kabla ya kuharibu thredi, ila spana haina huruma. Ikishakaa, sasa chukua spana, kaza nusu mzunguko au kupita kidogo, basi. Hiyo ni kwa plagi mpya yenye washa. Ya zamani inayorudishwa inataka kukazwa kidogo tu. Usipake grisi kwenye thredi.

Saba, rudisha koili, kaza bolti yake kwa mkono wa kawaida, rudisha waya mpaka usikie "ta!" Angalia na ule mpira wa chini ya koili. Ukiwa umepasuka, cheche itaruka pembeni.

KUISOMA PLAGI

Nimesema pangeni plagi mezani kwa sababu plagi inasomwa kama barua. Ncha yake ikiwa na rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu, silinda ni nzima. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, petroli imezidi au kichujio cha hewa kimeziba vumbi. Ikiwa imelowa oili, oili inapita ndani, na hapo mwite fundi wa kweli. Ikiwa nyeupe kama chokaa, silinda inapata joto kupita kiasi. Kwetu tatu zilikuwa za hudhurungi, ila zimelika. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa petroli.

Na juu ya kauri nyeupe kuna maandishi. Zetu zimeandikwa K16R-U11. Hiyo 16 ni kiwango cha joto lake, na 11 ya mwisho ni mwanya, maana yake milimita 1.1. Tulipopima zile za zamani, mwanya ulikuwa umefika milimita 1.6. Kwa hiyo anayetumwa dukani aende na namba kwenye karatasi, na karatasi ifuate kitabu cha gari. Asikubali kuambiwa "hii nayo inaingia." Kuingia si kufaa.

Plagi za kawaida kama hizi tuzikague na kuzibadilisha kila kilomita 20,000 hivi. Zile za iridiamu za muda mrefu zinaweza kufika kilomita 100,000, lakini bei yake iko juu. Chaguo ni la mkutano. Na trekta letu msilinunulie. Ni la dizeli, dizeli inawaka kwa kubanwa tu, haina plagi za cheche.

Vijana wanaoosha gari, nawaomba. Msimwage maji kwa ndoo juu ya injini. Maji yanaingia kwenye mashimo yale na koili inaumwa. Na dereva akiona taa ya injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, apunguze mwendo, asimame. Hiyo ni dalili kwamba silinda inakosa cheche na ekzosi inaungua.

Tulibadilisha plagi zote nne na koili moja. Injini haikushushwa. Wiki iliyopita gari lilikwenda Mbinga na kurudi kwa lita sita.

JAMBO LANGU

Ndugu zangu, mimi nilijua kusoma nikiwa mtu mzima, na watoto wawili nyumbani. Nilisoma kisomo cha jioni, mikono ina udongo wa shamba, mwalimu ni kijana mdogo kuliko mimi. Siku niliyosoma jina langu mwenyewe kwenye leja ya kahawa sitaisahau. Tangu siku hiyo nimekuwa nawaambia watu hapa: someni, someni, asije mtu akawadhulumu kwa karatasi.

Baada ya gari kupona nikaenda kuchukua daftari la gari niandike plagi mpya. Nikafungua nyuma kidogo. Tarehe 11 Mei dereva wetu ameandika kwa mkono wake: "Gari inamisi mlimani. Plagi hazijabadilishwa tangu ninunuliwe gari hii niendeshe. Naomba Katibu uangalie." Tarehe 19 Mei ameandika tena. Tarehe 2 Juni ameandika tena. Daftari lile linakaa mezani kwangu. Sikulifungua. Tulimwita, tukamwuliza maswali kama mwizi, naye alisema "nimeandika", na mimi nikamjibu asilete maneno.

Basi mtu aliyeandika alidhulumiwa na mtu aliyejua kusoma. Sina maelezo mengine. Dereva wetu, uko pale nyuma umekaa kwenye magunia, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa, maana mbele ya watu ndipo tulipokuvunjia heshima. Na mkeo nitakuja nyumbani kumwomba radhi mwenyewe, kwa sababu najua mitungi ya kisimani ilisemaje juu yake.

Naleta haya mbele ya mkutano:

1. Dereva arudi kazini kuanzia kesho, na shilingi 90,000 zake arudishiwe pamoja na mshahara wa siku alizosimamishwa.

2. Daftari la gari lisomwe kwa sauti kila kikao cha kamati, kabla ya jambo lolote. Nisiposoma mimi, asome mwingine.

3. Vifaa nilivyovitaja vinunuliwe, vikae ghalani. Jumamosi saa tatu asubuhi dereva na yule kijana wa bodaboda watatuonyesha kazi hii kwa vitendo. Akina mama mnakaribishwa pia, gari hili linawabeba ninyi kuliko sisi.

4. Tarehe na kilomita za kubadilisha plagi ziandikwe ukutani, chini ya gazeti hili, kila mtu azione.

Ndugu Mwenyekiti, naomba watu wanyooshe mikono kwa jambo la kwanza kwanza, kabla hatujaenda kwenye mengine.



(Mikono ilinyooshwa. Mambo yote manne yamepita. Fedha za dereva amelipwa siku ile ile, ametia sahihi.)