Vijana na Majina ya Waliokufa Vitani

  Natumaini kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa. Wekeni daftari na kalamu karibu, maana mwisho wa somo nitawapa kazi ya kuandika. Na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi, soma polepole. Ukifika mahali pagumu, rudia.

Leo tutazungumza juu ya gwaride la ukumbusho. Kwanza tutazame maneno manne, ili yasitukwaze mbele. Mwalimu atayaandika ubaoni.

Gwaride: ni watu wengi wanaotembea kwa mistari na kwa hatua moja, kama askari.

Kadeti: ni kijana anayefundishwa nidhamu na baadhi ya kazi za askari, lakini yeye mwenyewe si askari.

Buruji: ni tarumbeta ndogo ya jeshi, ya kupigia ishara.

Mpagazi: ni mtu anayechukua mizigo kichwani au begani katika safari ya mbali.

Haya, tuanze.

Katika Uingereza, Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Mjini London huwa na sherehe kubwa ya taifa. Walakini leo sitawapeleka London. Nataka twende katika mji mdogo, maana huko ndiko jambo hili linakoonekana vizuri zaidi.

Katika miji na vijiji vingi vya Uingereza utakuta mnara wa jiwe karibu na kanisa au karibu na soko. Jiwe hilo limechorwa majina. Ni majina ya watu wa mahali pale pale, waliokwenda katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 wasirudi. Mara nyingi chini yake yako majina mengine, ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Ukitazama vizuri, pengine utaona jina la ukoo mmoja limeandikwa mara mbili au tatu. Huenda hao ni ndugu wa nyumba moja.

Asubuhi ya siku hiyo watu hukusanyika. Mbele hutembea wazee waliopata kuwa askari, wamevaa nishani zao. Nyuma yao huja makadeti. Wako makadeti wa jeshi la nchi kavu, wako wa jeshi la maji, na wako wa jeshi la anga. Wengi wao wana umri wa miaka 12 hadi 18, wavulana kwa wasichana. Skauti nao huwamo. Sare zimepigwa pasi, na viatu vimepigwa rangi hata vinang'aa. Novemba kule ni mwezi wa baridi, na pengine mvua hunyesha. Hata hivyo makadeti husimama wima.

Kila mtu amevaa kifuani ua jekundu, na mengi ya maua hayo ni ya karatasi. Kwa nini ua hilo? Kwa sababu maua mekundu ya namna hiyo yalimea kwa wingi katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji, mahali ambapo mizinga ilikuwa imeifukua ardhi, na watu wengi walizikwa hapo. Waingereza walianza kuyavaa kwa ukumbusho mwaka 1921.

Inapokaribia saa tano ya asubuhi, buruji hulia. Bendera huinamishwa. Kisha watu wote hunyamaza kimya kwa dakika mbili. Hakuna anayesema, hakuna anayetembea. Desturi hii ilianza mwaka 1919, kwa sababu vita vile vilikoma huko Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, saa tano kamili ya asubuhi. Dakika mbili zikiisha, buruji hulia tena, na mashada ya maua huwekwa chini ya mnara. Kisha, katika baadhi ya miji, kijana mmoja hupewa kazi ya kusoma kwa sauti majina yaliyo katika jiwe. Husoma jina moja moja mpaka mwisho.

Hapa mwalimu atasimama kidogo. Mwulizane: kwa nini kazi hii apewe kijana, wala si mzee?

Natumaini mmekwisha kujibu. Jibu langu mimi ni hili. Wazee hufa. Mwingereza wa mwisho aliyepigana katika mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia aliitwa Harry Patch. Alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 111. Tangu siku ile hakuna aliyebaki wa kusema, "Mimi nilikuwako mahandakini, niliona kwa macho yangu." Basi ukumbusho ni kama mzigo wa safari ndefu. Mchukuzi akichoka, lazima mwingine aupokee, la sivyo utabaki njiani.

Lakini nisiwafiche. Wako watu huko Uingereza wasiopenda kuona watoto katika gwaride. Husema kuwa kumvika mtoto sare ya jeshi ni kumfundisha kupenda vita. Neno hilo si la kudharau, na mzazi yeyote aweza kulifikiri. Mimi naona kuwa inategemea mtoto anaambiwa nini. Akisimuliwa habari za ushindi na nishani tu, kweli ataona vita ni mchezo mzuri. Lakini akisimamishwa mbele ya majina, akaambiwa, "Huyu alikufa na miaka 19, na huyu alikuwa fundi viatu, mtaa ule pale," hapo atajua bei ya vita. Bei hiyo hulipwa kwa vijana kama yeye.

Sasa huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Hayo ni mambo ya Wazungu. Yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu sana, ndugu yangu. Sikiliza.

Wengi wenu mnaijua Kariakoo ya Dar es Salaam. Mmekwenda sokoni pale, au mmesikia habari zake. Je, mnajua jina hilo limetoka wapi? Katika vita vile vya kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi kikubwa cha wapagazi, kikaitwa Carrier Corps. Watu wetu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wakawekwa mahali pale. Nairobi pia kuna mtaa wenye jina hilo hilo.

Kwa nini walitakiwa wapagazi? Kwa sababu barabara zilikuwa chache, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Basi risasi, chakula na dawa vilibebwa na binadamu. Mtu mmoja alichukua mzigo wa ratili 50 au zaidi, siku baada ya siku, katika jua, mvua na matope. Wengine waliandikishwa kwa hiari, lakini wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hao pia walikuwa watu wetu.

Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na uchovu. Unga wa mahindi usiopikwa ukaiva uliwaumiza matumbo, hasa wale waliozoea vyakula vingine. Hesabu ya serikali ya Waingereza ilionyesha wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wataalamu wengi wa historia huona kuwa kweli walikuwa wengi kuliko hao.

Tena nilisema kuwa vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu habari zilichelewa. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba mwaka huo, mahali palipoitwa Abercorn. Siku hizi mji huo unaitwa Mbala, nao uko Zambia. Basi saa ile Ulaya iliponyamaza, hapa kwetu bado kulikuwa na watu wenye mizigo kichwani.

Je, majina yao yako wapi?

Mwaka 1927 ilisimamishwa Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam. Ipo hata leo, ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Mwaka 1928 zikasimamishwa nyingine Nairobi, sanamu tatu pamoja, na mmojawapo ni mpagazi. Chini yake yameandikwa maneno ya ukumbusho kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Ni maneno ya heshima. Lakini tafuta jina la mtu hata mmoja, hulioni.

Waingereza waliunda tume maalumu ya kutunza makaburi ya vita. Sheria yake ilikuwa kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, mkubwa na mdogo sawasawa. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa taarifa, ikakiri kuwa sheria hiyo haikufuatwa kwa wote. Taarifa ilisema kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na imekuwa ikitafuta majina hayo katika nyaraka za zamani.

Msidhani kuwa jina ni jambo dogo. Baada ya vita ilibaki mishahara ya wapagazi waliokufa. Fedha nyingi hazikuchukuliwa, kwa sababu majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa, na jamaa zao hawakujulikana. Mjane alikaa akingoja, na fedha za mumewe zilikuwa katika sanduku la serikali. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata mtu bila daftari hupotea bila habari.

Tanzania tuna Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Rais huweka mkuki na ngao katika mnara, na Mkuu wa Majeshi huweka sime. Kaboya, katika mkoa wa Kagera, yako makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vya mwaka 1978 hadi 1979. Wajane wa vita hivyo wangaliko, na watoto wao wangaliko. Hayo ni mambo ya juzi tu. Wale wapagazi ni wa zamani, na waliowajua wamekwisha kufa. Kilichobaki ni masimulizi ya nyumbani: "Babu wa babu yako alikwenda Kariakoo, hakurudi." Masimulizi hayo nayo hupotea, asipopatikana wa kuyaandika.

Nanyi sasa mnajua kuandika. Basi kazi ya juma hili ni hii.

Nenda kwa mtu mzima kuliko wote katika ukoo wenu. Mwamkie, kaa naye, usiwe na haraka. Mwulize: katika jamaa zetu, ni nani aliyekwenda vitani, awe askari, awe mpagazi? Kisha andika katika daftari lako mambo matano. Kwanza, jina lake. Pili, jina la baba yake. Tatu, kijiji chake. Nne, vita alivyokwenda. Tano, kama alirudi au hakurudi. Usilolijua, acha nafasi wazi, usibuni. Ukimaliza, mwite mtoto wako au mjukuu wako, umpe daftari, asome kwa sauti.

Sasa maswali ya darasa.

1. Kwa nini Waingereza hunyamaza saa tano ya asubuhi?
2. Kadeti na askari wana tofauti gani?
3. Jina Kariakoo limetoka wapi?
4. Wapagazi wengi walikufa kwa sababu gani?
5. Je, ni vema watoto washiriki katika gwaride la ukumbusho? Kila mtu aseme lake, na wengine wamsikilize.

Wasikilizaji wapenzi, wakati wetu umekwisha. Mwalimu atayakusanya majina mtakayoleta na kuyaandika katika daftari moja la darasa. Asiyepata jina asione haya, ataandika la jirani. Kwa herini, na tukutane katika somo lijalo.