Kadi ya Kliniki Wodini: Chanjo na Uuguzi wa Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Kuambukiza katika Kanda ya Kati

Utangulizi

Chumba cha chanjo na wodi ya watoto huwa ni sehemu mbili zinazotenganishwa si na ukuta tu, bali pia na daftari, zamu na wauguzi wanaozihudumia, kiasi kwamba mtoto aliyelazwa Jumatatu kwa nimonia anaweza kuruhusiwa Ijumaa bila mtu yeyote kuuliza kadi yake ya kliniki iko wapi. Mada hii inatetea hoja kwamba mgawanyo huo, ambao una manufaa ya kiutawala, hauna msingi wa kiuuguzi. Mtoto ambaye chanjo haikumfikia kijijini ndiye yule yule anayefika kitandani akiwa na surua au kifaduro, na mara nyingi siku za kulazwa ndiyo nafasi pekee ambayo mtaalamu wa afya atakaa naye kwa muda wa kutosha.

Neno chanjo lenyewe linatokana na kitenzi kuchanja, yaani kutia ngozi mikato midogo, na linakumbusha enzi za ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, ambapo kinga iliingizwa mwilini kwa kukwaruza ngozi ya mkono. Siku hizi neno hilo hujumuisha pia matone yanayodondoshwa mdomoni, kama yale ya polio na ya rota, kirusi kinachosababisha kuharisha kwa watoto wachanga. Katika ratiba ya Tanzania, ambayo Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza kuisimamia mwaka 1975, mtoto hupata BCG dhidi ya kifua kikuu pamoja na matone ya polio anapozaliwa. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata chanjo yenye kinga tano kwa pamoja, yaani dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, na katika ziara hizo hupewa pia chanjo ya nimokoko, bakteria wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Sindano ya surua na rubela hutolewa akitimiza miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Ziara hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika kwa urahisi, kwa sababu mtoto anatembea, ananenepa, na pengine mama yake amekwisha kubeba mimba nyingine.

Surua na somo la Mvumi

Hakuna ugonjwa unaoonyesha uhusiano wa wodi na chanjo kwa uwazi kuliko surua, na hakuna mahali panapostahili kutajwa kabla ya Mvumi, hospitali ya misheni ya Kianglikana iliyoko kusini mashariki mwa jiji la Dodoma. Huko ndiko daktari wa macho Allen Foster alikofanya kazi, na huko ndiko watoto 180 waliolazwa kwa surua walikofanyiwa utafiti ambao yeye, A. J. G. Barclay na Alfred Sommer waliuchapisha Uingereza mwaka 1987. Kwa kura, watoto 88 walipewa vitamini A yuniti 200,000 siku ya kwanza na kiasi hicho hicho siku iliyofuata, juu ya matibabu ya kawaida, ilhali 92 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Katika kundi la kwanza walifariki 6, na katika kundi la pili 12. Kitakwimu tofauti hiyo ya jumla haikutosha kuondoa shaka kwamba ingeweza kutokea kwa bahati tu, lakini kwa walio chini ya miaka 2, ambao kwao vifo vilikuwa 1 dhidi ya 7, ilikuwa dhahiri zaidi. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1990 ulitoa matokeo ya mwelekeo huo huo, na leo kila mtoto mwenye surua, popote duniani, anastahili vitamini hiyo. Inafaa wauguzi wa Dodoma wajue kwamba kanuni wanayofundishwa kama jambo lililotoka mbali ilipimwa, kwa sehemu kubwa, kwa watoto wa Ugogo, eneo hili hili la Dodoma.

Sababu yake inaeleweka. Surua huchubua utando laini wa njia ya hewa, utumbo na macho, na wakati huo huo humaliza akiba ya vitamini A ambayo mwili ungeitumia kuukarabati utando huo. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo tangu mwanzo, kama walivyokuwa karibu wote waliopimwa damu Mvumi, hupata kidonda kwenye konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, na kidonda hicho kikipasuka au kikiacha kovu, upofu hufuata. Dawa za kienyeji zinazokamuliwa jichoni huongeza madhara, na muuguzi hana budi kuuliza habari zake kwa upole, kwani mama akikaripiwa hataitaja dawa hiyo mara ya pili.

Kwa hiyo uuguzi wa surua ni kazi ya mikono kuliko ya dawa nyingi. Ncha ya kapsuli hukatwa kwa mkasi safi na mafuta yake yakakamuliwa mdomoni: yuniti 50,000 kwa aliye chini ya miezi 6, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja, kisha dozi hiyo hurudiwa kesho yake, na ikiwa macho yameathirika hutolewa nyingine baada ya wiki 2 hadi 6. Macho husafishwa kwa maji safi na kitambaa kisichotumiwa na mwingine. Kinywa chenye vidonda husuuzwa kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kulisha, la sivyo mtoto atakataa uji na lawama itaangukia uji. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka zinazoashiria nimonia. Mgonjwa hutengwa hadi siku 4 zipite tangu vipele vitokeze, kwa kuwa kirusi cha surua huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Benchi la kusubiria ambalo mtoto mwenye vipele amekalia asubuhi limekwisha kuwa sehemu ya mlipuko kabla daktari hajamwona.

Kikohozi, kimeo na kisu

Kikohozi kisichokoma katika vijiji vya Kanda ya Kati huweza kufasiriwa kuwa ni kimeo kirefu, na tiba yake ikawa kukikata. Kifaduro, ambacho humfanya mtoto akohoe mfululizo hadi kutapika, huangukia kwa urahisi katika tafsiri hiyo. Mtoto ambaye hakuchanjwa hukutana hivyo na hatari mbili kwa mpigo: kifaduro kilichompeleka kwa mkataji, na pepopunda inayoweza kumsubiri kwenye kisu, na kinga dhidi ya magonjwa yote mawili imo katika sindano ile ile moja aliyoikosa. Muuguzi anayeeleza jambo hili anahitaji kuanza na kikohozi ambacho mama amekisikia usiku kucha, kwani hicho ndicho kilichomtoa nyumbani, na mjadala juu ya kimeo unaweza kungoja.

Kichupa na mama mmoja

Vikwazo vingine vimo ndani ya kituo chenyewe. Kimojawapo ni imani kwamba mtoto mwenye mafua, homa ndogo au utapiamlo asichanjwe, ilhali hali hizo si kizuizi, na mwenye utapiamlo ndiye anayehitaji kinga kuliko wengine. Kingine ni hesabu ya dozi. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga katika kichupa cha dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi anayemwona mtoto mmoja tu mlangoni huona dozi 9 zikienda jalalani, akamwambia mama arudi siku ya kliniki. Hesabu hiyo ni potofu, kwa sababu inapima kilichomo kwenye kichupa bila kupima saa za mwendo wa mama aliyetoka kitongoji cha wilaya ya Chemba au Bahi, wala gharama ya kitanda kimoja cha surua. Kichupa kifunguliwe. Kisha watoto wa wodini na wa benchi la wagonjwa wa nje waulizwe kadi zao, na huenda dozi hizo 9 zikapata wenyewe.

Katika nchi yenye jua kali kama hii, mafunzo ya utunzaji wa chanjo husisitiza joto, na ni kweli kwamba chanjo ya surua huharibiwa na joto na mwanga. Hata hivyo chanjo yenye kinga tano huharibiwa na kuganda, na barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu la kugandishia ikawekwa ndani ya kibebeo inatosha kuigandisha mchana wa Oktoba. Kichupa kinachotiliwa shaka hutikiswa sambamba na kingine cha kundi lile lile la uzalishaji kilichogandishwa makusudi na kuyeyushwa, kisha vyote huwekwa mezani bila kuguswa. Kile kilichoharibika huonyesha chembe zinazozama upesi na kuacha maji maangavu juu, na kisichoharibika hubaki na ukungu sawasawa.

Tarehe ya kurudi

Mkoa wa Dodoma ulihesabiwa kuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012 na 3,085,625 mwaka 2022, na ongezeko hilo limeleta mitaa mipya ambayo majirani zake hawajajuana, ilhali pembeni ya mkoa bado wako wafugaji, Wabarbaig wakiwemo, wanaohama kufuata maji na malisho. Kwa makundi yote mawili swali la wodini ni lile lile: "Mama, kadi ya mtoto umekuja nayo?" Jibu likiwa imepotea, mtoto huchanjwa kulingana na umri wake na kuandikiwa kadi mpya, kwa kuwa madhara ya kurudia dozi hayafikii yale ya kuikosa. Tarehe ya kurudi nayo haifai kuandikwa kwa kuongeza wiki 4 kwenye kalenda tu. Mvua za nyanda hizi hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mwezi Februari mama yuko shambani akipalilia mtama, pengine akiwa amehamia kwenye kibanda cha shamba. Muuguzi anayeijua nchi humuuliza mnada wa karibu na kwake ni siku gani, kwa kuwa siku hiyo atapita njia ya zahanati kwa vyovyote, na huiandika hiyo.