Kisanduku cha Pembeni: Maelezo ya Modeli na Maelezo ya Mchoro

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Iyunga, Mbeya, na mmoja wao ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali mkoani Iringa)



Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie maendeleo ya ufundi. Somo hilo ni kubwa kuliko dakika nilizopewa, na kusema kweli ni kubwa kuliko mimi. Kwa hiyo nimechagua kisanduku kimoja tu, kile kinachokaa pembe ya chini, mkono wa kulia, katika kila mchoro wa ufundi. Wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyokatwa alama kwa ajili ya kisanduku hicho hata pale mchoro wenyewe ulipokuwa safi. Jina la kitu, malighafi, skeli, tarehe, aliyechora, aliyekagua. Upo mwongozo wa kimataifa, ISO 7200 wa mwaka 2004, unaotaja mambo ya kuandikwa humo, na upana wake umewekwa milimita 180 ili kiingie sawasawa katika karatasi ya A4.

Hapa jirani inapita reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Michoro ya kazi ile ilichorwa kwa mkono. Aliyetaka kujua habari za kalvati fulani aliiendea karatasi, na karatasi ikamjibu. Siku hizi mambo yamegawanyika. Katika programu kama SolidWorks au Inventor, kwanza tunajenga modeli, yaani kitu chenyewe ndani ya kompyuta, na modeli ina faili lake. Kisha tunatoa mchoro, nao una faili lake. Kila faili lina sura, na nyuma ya sura lina orodha ya sifa: jina, namba, malighafi, uzito na mengine tunayoyaongeza wenyewe. Hapo ndipo swali linapoanza. Kile kisanduku cha pembeni kinasoma sifa za faili lipi?

Nitaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu, nilipoitwa kukagua kazi ya maji ya mtiririko katika kijiji kimoja cha nyanda zetu hizi. Karakana iliyohusika sitaitaja. Bomba lilikuwa la milimita 200, na flanji zake zilipangwa kuwa za PN 10, yaani za kuhimili shinikizo la bar 10, ambalo ni sawa na maji yaliyosimama kwenye bomba lenye kimo cha mita 100 hivi. Wapimaji walipokwenda mlimani wakakuta maji yanateremka mita 130. Nyumbani kwetu milima haina huruma! Mhandisi akaamua, na aliamua vizuri, kwamba flanji ziwe za PN 16. Flanji ya 200 ya PN 10 ina matundu 8. Ya PN 16 ina matundu 12. Mviringo wa matundu ni uleule, kipenyo milimita 295, kwa hiyo ukizitazama kwa haraka huoni tofauti.

Modeli ikabadilishwa. Kwa kuwa picha katika mchoro hufuata modeli, picha nayo ikaonyesha matundu 12 bila mtu kuigusa. Lakini maneno ya kisandukuni yalikuwa yamechapwa kwa mkono katika mchoro miezi mingi nyuma: flanji, DN 200, PN 10, bolti 8. Yakabaki hivyo hivyo. Fundi wa karakana alifuata picha, akatoboa matundu 12. Mtunza stoo hasomi picha, husoma maneno, na ndivyo inavyompasa. Akaagiza valvu za PN 10 na bolti nane kwa kila kiungo. Vitu vilipokutana mlimani, uzungushe flanji utakavyo, matundu manne tu ndiyo yaliyoonana. Pakawa na mtu aliyeshauri wafunge kwa bolti nne ili kijiji kipate maji kabla ya sikukuu. Valvu ya bar 10, bolti nne, maji ya bar 13, na watoto wanachezea jirani na bomba. Tulikataa. Valvu zilirudishwa, na akina mama wakaendelea kwenda mtoni kwa wiki kadhaa zaidi.

Sasa dawa yake, maana haina gharama. Katika SolidWorks, maandishi ya kisanduku yanaweza kufungwa kwenye sifa. Ukiandika $PRP na jina la sifa, mchoro unajisoma wenyewe. Ukiandika $PRPSHEET, unasoma modeli iliyoonyeshwa kwenye karatasi hiyo. Jina la kitu, malighafi, uzito na daraja la shinikizo ni habari za modeli. Ziandikwe huko mara moja tu, mchoro uzisome. Jina la aliyechora na la aliyekagua mchoro ni habari za mchoro. Kuhusu namba ya marekebisho watu hubishana. Mimi naona mchoro uwe na yake, kwa sababu mara nyingine tunasahihisha kipimo kilichoandikwa vibaya na kitu chenyewe hakijabadilika.

Inventor ina desturi nyingine. Inaweza kunakili sifa za modeli na kuziweka katika mchoro. Angalieni neno hilo: kunakili. Nakala haijui kwamba asili imebadilika mpaka uamuru isasishwe, na amri hiyo ipo. Anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine akidhani tabia ni moja atapata taabu.

Yapo mengine mawili. Faili moja la flanji laweza kubeba namna kadhaa, ya PN 10 na ya PN 16 humo humo. Idadi ya bolti basi iandikwe kwa kila namna, si katika orodha ya jumla, la sivyo zote zitasema nane. Na majina ya sifa yakubaliwe ofisi nzima. Mmoja akiandika Malighafi na mwenzake Material, kompyuta haina habari kwamba ni ndugu. Nafasi mara nyingi hubaki tupu, na karatasi hupigwa chapa hivyo hivyo. Heri nafasi tupu kuliko uongo, maana utupu mtu huuliza.

Ndugu Mwenyekiti, nimemwachia mwalimu wa uchoraji faili la flanji niliyoieleza, modeli na mchoro wake, kisanduku kikiwa kimefungwa kwenye modeli isipokuwa mstari mmoja nilioucharaza kwa mkono makusudi. Vijana wa kidato cha tatu wabadili shinikizo kutoka PN 16 kuwa PN 10, kisha waniandikie ni mstari upi uliokataa kufuata.