Arosto si Ukaidi



Kijana aliyezoea heroini, akiikosa, hupatwa na arosto: mwili humuuma, hutapika, huharisha na kukosa usingizi. Mzazi anayemfungia chumbani hudhani ni ukaidi. Kumbe ni maradhi, na kufuli haliyatibu. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na sasa huduma hiyo imefika mikoa kadhaa, bila malipo. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hasa mwanzoni; hivyo nauli nayo ni sehemu ya tiba, na familia haina budi kuipangia. Mvuta bangi na mnusa gundi methadoni haiwafai. Wao huhitaji ushauri nasaha, tena wa muda mrefu. Asiyejua pa kuanzia apige 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.