Kuku Anapokoroma: Mhadhara kuhusu Maradhi ya Njia ya Hewa katika Banda la Nyumbani

Mfugaji mzoefu hapimi afya ya kuku wake mchana tu. Usiku, wakishapanda kwenye vichanja na kutulia, husimama mlangoni mwa banda na kusikiliza. Mkoromo mwembamba kooni, chafya mbili tatu kutoka pembe ileile, kuku anayetikisa kichwa kama mwenye kitu puani: mchana hayo yote humezwa na kelele za jogoo na vifaranga. Mhadhara huu unaanzia hapo mlangoni kwa sababu makosa mengi ya tiba huanza pale mfugaji anaposhtuka kwa kuchelewa. Akimkuta kuku amejikunyata, hukimbilia duka la dawa za mifugo kuomba dawa ya mafua.

Na dukani atapewa. Itakuwa pakiti ya oksitetrasaiklini au tailosini, ya kuchanganywa na maji ya kunywa. Kinachofuata hutegemea bahati, maana chafya ya kuku ni dalili tu, na magonjwa yanayoileta hayana undugu.

Kuku hupumua kwa namna yake. Hana kiwambo kama cha binadamu kinachotenga kifua na tumbo. Mapafu yake ni madogo, yameshikamana na mbavu, na hewa husukumwa na vifuko tisa vilivyoenea mwilini mpaka tumboni. Kimelea kikishapita koromeo kina nafasi kubwa ya kutawanyika. Ndiyo maana kuku anayepiga chafya Jumatatu anaweza kuwa amedhoofika kabisa kabla ya wiki kwisha.

Mafua makali ya kuku huletwa na bakteria aitwaye Avibacterium paragallinarum. Siku moja hadi tatu baada ya maambukizi uso huvimba, jicho hufumba, na puani hutoka ute wenye harufu ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Hapo antibiotiki husaidia, ingawa kuku aliyepona anaweza kubaki na vimelea na kuwaambukiza wageni. Kwa hiyo mtetea aliyenunuliwa mnadani akae peke yake angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Mafua ya muda mrefu, yanayoletwa na Mycoplasma gallisepticum, hujikokota kwa wiki nyingi, na mama huweza kuyapitisha kwa kifaranga ndani ya yai. Bronkitisi ya kuambukiza ni ya virusi. Mara nyingine hujulikana kiotani, mayai yakitoka na maganda yenye mikunjo na ute mwepesi kama maji.

Banda nalo huugua. Maranda yaliyolowa kinyesi hutoa amonia. Ikiwa inamchoma macho mtu aliyesimama, kuku anayelala karibu kabisa na sakafu ameivuta usiku kucha, na vinyweleo laini vinavyosafisha koromeo lake vimeanza kuharibika. Hapo dawa ya kwanza ni koleo, maranda makavu na dirisha la wavu upande wa juu wa ukuta.

Juu ya yote hayo kuna kideri, ambacho Watanzania wengi hukiita mdondo. Kilijulikana mwaka 1926, Java na karibu na Newcastle-upon-Tyne nchini Uingereza; mwaka 1935 kiliripotiwa Mombasa. Kuku huhema mdomo wazi, huharisha kijani, mabawa hushuka, shingo hupinda. Boma lisilochanja laweza kubaki tupu ndani ya siku chache. Hakina tiba. Antibiotiki haikigusi, wala shubiri mwitu, wala pilipili ya kusaga kwenye maji. Hata hivyo akina mama wanaotumia shubiri mwitu hawastahili dharau. Walishika kilichokuwepo mahali ambapo chanjo haikufika.

Haikufika kwa sababu mbili zilizo wazi: ilihitaji ubaridi njia nzima, na chupa moja mara nyingi ilikuwa ya kuku elfu moja. Mwenye kuku wanane angeifanyia nini? Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambako Peter Spradbrow na wenzake waliandaa chanjo ya I-2 inayostahimili joto, na mbegu yake ikatolewa kwa nchi zinazoendelea ili zitengeneze zenyewe. Msumbiji iliitumia vijijini kwa juhudi za daktari wa mifugo Robyn Alders. Tanzania inaitengeneza katika maabara yake ya serikali.

Matumizi yake hayahitaji sindano. Kuku hulazwa ubavu, jicho moja likaelekea juu, tone moja likadondoshwa, na mchanjaji akasubiri mpaka kuku apepese jicho ndipo amwachie. Kifaranga na jogoo hupata tone lilelile. Chupa hufungwa kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya kikapu chenye mfuniko, mbali na jua. Anayeitia kwenye maji ya kunywa aepuke maji ya bomba yenye klorini, kwani huiua chanjo. Huchanjwa kuku wazima tu, na kazi hurudiwa kila baada ya miezi minne.

Linalozuia sasa ni fedha na mpangilio. Kampeni za bure hupendeza kwenye uzinduzi, lakini mradi ukiisha mchanjaji huacha, na mdondo hurudi. Mhadhara huu unaunga mkono malipo madogo kwa kila kuku, yanayobaki mkononi mwa mchanjaji wa kijijini, kwa sababu ndiyo yatakayomrudisha mlangoni miezi minne baadaye. Mchanjaji huyo pia ndiye wa kwanza kuona vifo visivyo vya kawaida. Mwezi Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya mafua ya ndege kwenye fukwe za Ziwa Viktoria, ikiua ndege wa porini na wa kufugwa. Kuku wengi wakifa ghafla, vichwa vimevimba na upanga umegeuka zambarau, wasichinjwe wala kuuzwa; mfugaji asiwaguse kwa mikono mitupu, na afisa mifugo wa kata aitwe siku hiyohiyo.