Hati za Kale Mkononi Mwako

Msikilizaji, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyoyakusanya mmisionari W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yamo katika maktaba ya chuo kikuu cha SOAS, London. Hati nyingi za Kiswahili za huko zimepigwa picha, nawe waweza kuzitazama kwa simu katika tovuti ya maktaba hiyo.

Unapotafuta, usiandike sentensi nzima. Jina la mtunzi au la aina ya shairi latosha. Usipopata kitu, badili tahajia: jaribu utenzi, kisha utendi, kwani waorodheshaji hawakuandika kwa namna moja. Hati ikifunguka, ikuze picha taratibu. Nyingi ni za herufi za Kiarabu, kwa hiyo mwombe ustadhi au bibi anayezisoma aketi nawe. Na tafadhali, nakili namba ya hati kabla hujafunga ukurasa.