SAINI MOJA INAWEZA KUKUTOA NYUMBANI KWAKO

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa masuala ya sheria mbele ya wakazi wa tawi moja la Dar es Salaam. Tumeyachapa kwa faida ya msomaji ambaye hakuwapo.)



Sikuja kumfundisha mtu uwakili. Wakili analipwa, na wengi wetu hapa ni walalahoi. Nimekuja kuzungumza juu ya karatasi tatu zinazowaliza watu kila siku: karatasi ya mauziano, karatasi ya mkopo, na ile karatasi ya "nimelipwa, sina madai tena" anayoletewa majeruhi akiwa bado kitandani. Zote zina tabia moja. Unaambiwa weka saini upesi, na anayekuharakisha ndiye mwenye faida.

Kwa miaka mingi wakubwa walijificha nyuma ya Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi usione haya kusema: "Bwana, nisomee kwa Kiswahili." Akikataa, ikunje karatasi yake umrudishie.

MHURI WA MJUMBE SI HATI

Watu wetu wananunua kiwanja mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, wanagongewa mhuri, wanarudi kulala usingizi mnono. Tangu nchi iingie mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mjumbe huyo ni kiongozi wa chama, si wa serikali. Mhuri wake haukupi umiliki. Karatasi ile na mashahidi wake vinaweza kukusaidia kuthibitisha kwamba ulitoa fedha, basi.

Kama kiwanja kina hati, nenda kwanza kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi. Huko utaona jina la mwenye mali, na kama hati imewekwa rehani au imewekewa zuio. Kama ni ardhi ya kijiji, sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Mwenye mamlaka ni Halmashauri ya Kijiji kwa kikao chake. Na popote ununuapo, uliza: huyu bwana ana mke? Mkewe anajua?

Mgogoro ukizuka, usikae kimya. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Unaanzia Baraza la Kata, lakini fahamu kwamba tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu tena. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

MAMA, NYUMBA HIYO NI YAKO PIA

Akina mama nisikilizeni, na akina baba msikasirike, maana sheria hii inawalinda na ninyi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ambayo mume na mke wanaishi haiuzwi, haigawiwi, haipangishwi wala kuwekwa rehani na mmoja wao bila ridhaa ya mwenzake. Hata kama hati ina jina la baba peke yake.

Kwa nini basi kila siku tunaona mama na watoto wako nje na makochi yao, dalali anapiga kengele? Kwa sababu baba alijiandika kuwa hana mke. Au mama aliitwa, akaambiwa "weka hapa dole gumba, ni mambo ya biashara tu," akaweka. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopaji aseme kama ana mwenzi, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujiridhisha. Anayetoa maelezo ya uongo kwa makusudi anatenda kosa.

Ukinusa kwamba nyumba inataka kuondoka, usingoje dalali. Kama ina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati mapema, ili mnunuzi asije akadai hakujua. Na deni likishindikana, benki haiamki asubuhi ikauza. Kuna notisi ya siku 60 ya kutaka mdaiwa alipe, na kabla ya mnada kuna tangazo la siku 14. Siku hizo ndizo za kwenda mahakamani, si siku za kulia.

Kuna wanaosema mwanamke aliyekaa nyumbani hakuchuma kitu. Hoja hiyo Mahakama ya Rufani iliizika mwaka 1983: kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Na wanaoishi pamoja miaka 2 au zaidi, jirani wakiwajua kuwa mke na mume, sheria inawadhania kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo neno "nilikuokota tu" halimtoi mtu mikono mitupu.

AJALI: FAINI SI FIDIA

Dereva amekugonga, amepelekwa mahakamani, ametozwa faini. Watu wanapiga makofi, haki imetendeka. Haki ya nani? Faini inaingia serikalini. Wewe mwenye mguu uliovunjika unatakiwa ufungue madai yako. Ila chukua nakala ya hukumu ile, maana ni silaha kubwa katika madai hayo.

Kila gari barabarani lazima liwe na bima, angalau ile ndogo. Bima hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kando kama wewe: mwenda kwa miguu, au abiria uliyelipa nauli yako. Na dereva akiwa kazini, tajiri mwenye gari naye anabanwa. Kwa hiyo ndugu zako wakusanye haya mapema: namba ya gari, jina la kampuni ya bima, fomu ya polisi PF3, ramani ya ajali, taarifa ya polisi, na kila risiti ya dawa na ya teksi. Iandikie kampuni ya bima upesi na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Ndipo atakapokuja kijana mwenye mkoba na fedha taslimu. "Chukua hizi za dawa, weka saini." Soma! Ikiwa imeandikwa kwamba umemaliza madai yote, umeuza mguu wako kwa bei ya panadol. Usiisaini kabla daktari hajaandika ulemavu uliobaki ni kiasi gani. Ila usilale pia: ukomo wa madai ya namna hii ni miaka 3.

Ukiumia kazini, tangu mwaka 2015 uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayechangia ni mwajiri. Haruhusiwi kukukata mshahara wako.

Mtasema, bwana, fedha ya wakili tutaitoa wapi? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao wako mitaani. Nenda halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii umwulize wako wapi. Akikuzungusha, rudi kesho na jirani yako, na keshokutwa na mtaa mzima. Ofisi ile inaendeshwa kwa kodi yako.